Flopi iliyogoma kufa

Leo naomba tuongee kuhusu flopi, kile kidiski ambacho sisi vijana tumekisikia zaidi kwa wakubwa zetu. Na hasa kuhusu bwana mmoja aliyetaka kuizika kabla ya siku zake kufika.

Steve Jobs aliondoka Apple mwaka 1985 akaanzisha kampuni yake ya kompyuta, NeXT. Oktoba 1988 alizindua mashine ya kwanza mjini San Francisco. Haikuwa na mahali pa kuingizia flopi! Badala yake ilitumia diski ya Canon inayoandikwa kwa leza na sumaku, yenye kubeba megabaiti 256. Flopi ya kawaida ilibeba 1.44 tu, kwa hiyo diski moja ilikuwa sawa na flopi zaidi ya 170. Mfumo mzima wa kompyuta ulikaa humo, pamoja na kamusi na kazi zote za Shakespeare.

Sasa tatizo lilikuwa wapi? Kwanza, bei. Mashine iliuzwa dola 6,500 kwa vyuo vikuu, na diski tupu ilikuwa dola 50. Pili, diski ile ilikuwa inajikokota. Tatu, na kwangu hili ndilo kubwa, mfumo ulikuwa unaendeshwa kutoka kwenye diski hiyo hiyo, kwa hiyo kuitoa ilibidi uzime mashine. Na ukimpa mwenzako asiye na NeXT, ataisomea wapi?

Mwaka 1990 NeXT ikasalimu amri: mashine zake mpya zikaja na sehemu ya flopi. Mwaka 1993 ikaacha kutengeneza kompyuta, ikabaki na programu. Mfumo wake kwa ajili ya kompyuta za Intel uliotoka mwaka huo ulikuja kwenye CD, lakini kuanza kuuweka ulihitaji... flopi!

Desemba 1996 Apple ikakubali kuinunua NeXT, na Jobs akarudi nyumbani. Agosti 1998 iMac ikaingia sokoni bila flopi. Watu walipiga kelele, lakini safari hii alishinda. CD ilikuwa imeshazoeleka, inabeba takriban megabaiti 650, na iMac ilikuwa na diski yake kuu ndani, hivyo CD ilikuwa na kazi ya kuleta programu tu.

Ila angalia vizuri. CD ile iliingiza programu za kampuni. Kazi yako wewe haikuweza kuitoa, maana iMac ile ilisoma CD bila kuziandika. Aliyetaka kubeba faili zake kwa flopi alinunua kifaa cha pembeni kwa pesa yake.

Baadaye CD nayo ikafikiwa. Julai 2011 Apple ilianza kuuza mfumo wa Lion kwa kupakua intaneti, dola 29.99. Mwezi uliofuata ikauza pia kwenye kijiti cha USB, dola 69. Yaani mwenye intaneti dhaifu alilipa zaidi ya mara mbili kwa kitu kile kile.

Mimi sipingi maendeleo hata kidogo. Lakini kila kampuni inapotangaza njia mpya ya kutufikishia programu, tuulize: gharama ya kuhama analipa nani? Mara nyingi ni yule mwenye kidogo.

Nawasilisha.