Umaliziaji wa bati la gari lililochomelewa

Umaliziaji wa bati lililochomelewa ni kazi inayofanywa baada ya kiraka au bati jipya kuchomelewa kwenye bodi ya gari na kabla ya kupaka rangi. Una malengo mawili: kuusawazisha uso na kuzuia kutu. Rangi haifichi kosa la bati, bali hulionyesha zaidi kwa mng'ao wake.

Mazingira

Chukua mfano wa Mkumbara, katika Wilaya ya Korogwe mkoani Tanga: uko kando ya barabara kuu ya Segera–Moshi, kwenye tambarare ya joto chini ya milima ya Usambara Magharibi. Reli iliyotoka Tanga ilipita hapa na kufika Moshi mwaka 1911. Leo sehemu kubwa ya mizigo na abiria hupita barabarani. Kokoto za barabarani humenya rangi kwenye madigadi na chini ya milango, tope likashika unyevu hapo, na kutu ikaanza. Mafundi bodi wa ukanda huu hukabiliana pia na vumbi la kiangazi na unyevu wa masika na vuli.

Kusawazisha chuma

Bati la bodi huwa na unene wa takriban milimita 0.7 hadi 1, hivyo hupinda upesi likipata moto. Kiraka hushikizwa kwanza kwa nukta zilizoachana, kisha nafasi kati yake hujazwa kwa kurukaruka, huku kila sehemu ikiachwa ipoe. Mshono husagwa kwa grenda, na diski haitulizwi mahali pamoja. Bati likigeuka buluu limepata joto kupita kiasi. Likisagwa mno, hubaki jembamba na dhaifu. Mabonde na vilima hunyooshwa kwa nyundo, chuma kizito kikiwa kimeshikiliwa upande wa nyuma. Fundi hupapasa uso kwa kiganja, kwa kuwa mkono hugundua wimbi ambalo jicho halilioni.

Puti

Puti ni ya kusahihisha kasoro ndogo iliyobaki, si ya kujaza shimo wala kuziba kutu. Unene wake hautakiwi kuzidi milimita 3 hivi; ikiwa nene hupasuka kwa mtikisiko wa barabara. Kwa kawaida hadena, yaani kigumishi chake, huwa karibu gramu 2 kwa kila gramu 100 za puti. Joto la tambarare huharakisha kukauka, hivyo ni bora kuchanganya kidogo kidogo kuliko kurundika puti nyingi itakayoganda ubaoni. Hadena ikizidi, doa lake huweza kujitokeza juu ya rangi. Puti hunyonya maji, kwa hiyo hupigwa msasa mkavu: namba 80, kisha 180, hatimaye 320, msasa ukiwa umefungwa kwenye kibao kilichonyooka.

Praima na upande wa nyuma

Chuma kilicho wazi huanza kushika kutu mapema, hasa msimu wa mvua. Hufutwa vumbi na mafuta, kisha hupakwa praima ya epoksi siku hiyohiyo. Baada ya praima ya kujaza, ukungu mwepesi wa rangi nyeusi hupuliziwa na uso kusuguliwa. Weusi unaobaki huonyesha mabonde. Msasa wa maji wa namba 400 hadi 600 hutangulia rangi.

Sehemu inayosahaulika sana ni nyuma ya mshono. Moto wa kuchomelea huunguza kinga ya ndani, na kutu huanzia huko hata uso wa nje ukiwa safi. Nta ya kuzuia kutu hupuliziwa ndani, na matundu ya kutolea maji chini ya milango huachwa wazi.

Usalama na mafunzo

Betri hutenganishwa kabla ya kuchomelea, na tangi la mafuta hukingwa au kuondolewa. Grenda na msasa huhitaji miwani na barakoa. Rangi zinazochanganywa na hadena hutoa kemikali za aisosayaneti zinazoweza kusababisha pumu, na barakoa ya kitambaa haizizuii.

Mafundi wengi hujifunzia gereji. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hutoa mafunzo ya ufundi na pia hurasimisha ujuzi uliopatikana kazini.

Ukaguzi

Mnunuzi wa gari anaweza kutumia sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa: ikishika kwa nguvu, chuma kiko karibu, ikilegea, puti ni nene. Kipimo hiki hakifai kwa bodi ya alumini au plastiki.