Hodi Mlangoni pa Maandiko

Katika karne ya 3, mjini Kaisaria ya Palestina, mwalimu mmoja aliyapanga Maandiko ya Agano la Kale katika safu sita: Kiebrania, Kiebrania hichohicho kwa herufi za Kigiriki, kisha tafsiri nne za Kigiriki. Kwa kazi hiyo, iitwayo Hexapla, msomaji aliweza kulinganisha neno kwa neno. Mwalimu huyo alikuwa Origen, mwenyeji wa Aleksandria.

Ungedhani msomi wa aina hiyo angeona bidii inatosha. Lakini alipomwandikia kijana Gregory, alimpa mashauri mawili. Kwanza, achote jiometri, elimu ya anga na falsafa ya Wagiriki, kama Waisraeli walivyotoka Misri na dhahabu ya Wamisri. Pili, akifika kwenye Maandiko, asiridhike kutafuta na kubisha hodi tu. La lazima kuliko yote ni kuomba ili aelewe.

Mashauri hayo hayagombani. Anayepiga hodi amekwisha kutembea hadi mlangoni. Huo ndio usomi wake. Ila anayefungua ni mwenye nyumba. Origen aliamini Maandiko yamevuviwa na Roho, hivyo kumwomba Roho kulikuwa sehemu ya kusoma kwenyewe. Hata akihubiri, akifika penye fumbo, aliwaomba wasikilizaji wamwombee apate kulifumbua. Tafsiri ikawa kazi ya kusanyiko zima.

Je, sala ilimkinga asikosee? Mwaka 250, wakati wa Kaisari Decius, alifungwa na kuteswa bila kuikana imani, akafariki miaka michache baadaye. Mwaka 543, Kaisari Justinian alitoa amri ya kuyalaani mafundisho yake. Waliomlaani nao walikuwa watu wa sala, wakisoma Maandiko yaleyale.

Kwa hiyo sala peke yake haikuwa muhuri wa kuthibitisha fasiri. Leo tunawasikia wanaosema, "Nimeomba, nimeonyeshwa," na mjadala unafungwa hapohapo. Origen naye aliomba, lakini mara nyingi alitoa fasiri yake kama pendekezo, akimwachia msomaji aipime. Aliyejua kwamba mlango hufunguliwa na mwingine hakuona sababu ya kujifanya mwenye nyumba.