Neno na Matumizi: Ushirika, usharika

Tangazo mlangoni mwa duka la fotokopi, Moshi mjini: "Mwanachuo, jiunge na usharika wetu tujengane." Ukilisoma haraka utadhani unaitwa kwenye kipaimara! Usharika, kwa Walutheri wa huku Kilimanjaro, ni waumini wa kanisa la mahali na mchungaji wao. Ushirika ni watu kuunganisha nguvu na mali, kama wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro katika chama chao cha KNCU tangu 1933. Ndio uliokipa jina Chuo Kikuu cha Ushirika cha hapa Moshi. Asili ya maneno yote mawili ni moja, Kiarabu, sawa na ya kushiriki. Lakini vijana wa tangazo lile, wanaokutana jioni kufundishana kuhutubia na kuweka akiba, hata wakiiga "udugu" wa vyuo vya Marekani wenye herufi za Kigiriki, wana chama tu. Kina katibu, kina ada, na mwanachama akichoka anajitoa.