Mganga hajigangi

Miaka kadhaa iliyopita mhariri alinituma kuandika habari ya ajali ya basi. Nilihesabu miili, nikanukuu kamanda, nikatuma habari kabla ya saa ya mwisho, halafu nikashindwa kulala siku tatu. Aliyenisikiliza ni rafiki yangu niliyesoma naye chuo kikuu, ambaye kazi yake ni ushauri nasaha. Nilipomaliza kumwaga ya moyoni nikamtania: "Na wewe, nani anakusikiliza?"

Hakucheka. Alisema kwa siku anapokea watu saba, wakati mwingine wanane. Kila mmoja anatua mzigo wake na kuondoka, naye jioni anapanda daladala na mizigo yote. Cheti anacho, amekitundika ukutani. Mtu wa kukaa naye na kuipitia kazi yake ndiye hana.

Jibu lile lilinisumbua, nikaanza kusoma. Kumbe swali hili lina historia ndefu, na wenye taaluma hiyo walilitafutia jibu kwa mpango pale Berlin, Ujerumani, mwaka 1920.

Tuanze nyuma kidogo. Mwaka 1902 huko Vienna, daktari Sigmund Freud alianza kukutana na madaktari wenzake wanne kila Jumatano nyumbani kwake. Ndicho kilikuwa chuo chenyewe. Hakukuwa na mtihani wala mkufunzi. Mtu alisoma vitabu vya Freud, akahudhuria mazungumzo, kisha akaanza kupokea wagonjwa. Lakini tatizo lilijitokeza mapema. Mgonjwa anapoeleza hasira au mapenzi yake, na huyo anayesikiliza naye huguswa: anachukia, anahurumia, anapenda. Mwaka 1910 Freud aliwaonya wenzake kwamba mtabibu hawezi kumfikisha mgonjwa mbali zaidi ya pale ambapo yeye mwenyewe amekwama.

Wazee wetu walishasema mganga hajigangi. Kazi ikawa kuigeuza hekima hiyo kuwa utaratibu. Septemba 1918, kwenye mkutano wao mjini Budapest, Herman Nunberg alitoa hoja kwamba kila anayetaka kuchambua nafsi za wengine lazima kwanza yake ichambuliwe. Hoja haikupita. 

Ndipo anapoingia Max Eitingon. Huyu alizaliwa Mogilev, katika Belarusi ya leo, mwaka 1881, mtoto wa familia tajiri iliyofanya biashara ya manyoya. Februari 1920, Ujerumani ikiwa imetoka kushindwa vita, yeye pamoja na Karl Abraham na Ernst Simmel walifungua kliniki Berlin, na fedha nyingi zilitoka mfukoni mwake. Mgonjwa alilipa alichoweza, na asiye na kitu alitibiwa bure. Katika miaka kumi ya kwanza watu 1,955 walikuja kuonwa, na 721 kati yao wakaanza tiba.

Kliniki hiyo ikawa pia chuo, na mafunzo yake yalikaa juu ya mafiga matatu. La kwanza, mwanafunzi anakuwa mgonjwa wa mkufunzi mzoefu kwa miezi mingi. La pili, masomo ya darasani. La tatu, anatibu wagonjwa halisi huku akirudi mara kwa mara kwa msimamizi kumweleza alichosikia, alichojibu na alichojisikia. Mwaka 1925, katika mkutano wa Bad Homburg, wakaamua mafunzo ya namna hiyo yasimamiwe kimataifa, Eitingon akiwa mwenyekiti.

Aliyenivutia zaidi katika hadithi hii ni Helene Deutsch. Alikuwa daktari kamili wa magonjwa ya akili, tena alishachambuliwa na Freud mwenyewe. Hata hivyo mwaka 1923 aliondoka Vienna akaenda Berlin kulala tena kwenye kochi, safari hii mbele ya Abraham. Aliporudi nyumbani aliongoza chuo kipya cha Vienna. Fikiria daktari bingwa wa kwetu akikubali kwenda kukaa upande wa mgonjwa!

Lakini tusidanganyane, mafiga hayo hayakuwa kinga ya kila kitu. Hitler alishika madaraka mwaka 1933. Eitingon, Myahudi, alihamia Jerusalem. Mwishoni mwa 1935 Wayahudi waliobaki walilazimika kujitoa katika chama, na wenzao waliosoma nao wakakubali. Mwaka 1936 chuo kikamezwa na taasisi iliyoongozwa na Matthias Göring, binamu wa yule waziri wa Hitler. Mafunzo yakaendelea. Ndani ya taasisi hiyo alikuwamo John Rittmeister, aliyeongoza kliniki yake huku akishiriki upinzani wa siri. Alikatwa kichwa na serikali mwaka 1943. Kwa hiyo kuchunguzwa nafsi ni jambo moja, na kuwa na ujasiri ni jingine.

Kasoro nyingine ilikuwa ya ndani. Mkufunzi aliyekusikiliza ukitoa siri zako ndiye huyohuyo aliyekuwa na sauti kama utafaulu. Michael Balint, mzaliwa wa Budapest aliyepitia Berlin, aliandika mwaka 1948 kwamba mfumo huo unazalisha wanafunzi wanyenyekevu mno. Yeye akajaribu njia nyingine. Mwaka 1950, London, alianza kukutana na madaktari wa kawaida katika kikundi. Mmoja anamweleza mgonjwa anayemsumbua, wengine wanasikiliza na kuuliza. Vikundi vya aina hiyo vinaitwa kwa jina lake hadi leo, katika nchi nyingi.

Wala tusione kwamba haya ni ya Wazungu tu. Katika ngoma za pepo za pwani yetu, mganga mara nyingi alianza kama mwele. Aliugua, akatibiwa, akafundwa na mganga mkubwa, ndipo akapewa mkoba. Sisemi pepo na Freud ni kitu kimoja. Nasema pande zote mbili ziliona cheti peke yake hakitoshi.

Sisi huku tunasomesha washauri nasaha, tunawapa cheti, tunawapangia foleni ya watu. Figa la pili tunalo. La kwanza na la tatu tunayaona anasa, kisha tunashangaa mshauri anapokuwa mkali, anapochoka au anapoacha kazi.

Rafiki yangu hakusubiri wizara. Yeye na wenzake wawili hukutana Ijumaa jioni, kila mmoja akaeleza mtu mmoja aliyemwelemea wiki hiyo, bila kutaja jina. Anasema siku hizi daladala ya Ijumaa ni nyepesi kidogo.

Je wewe, mwalimu, nesi, askari, mwandishi mwenzangu: yako unamweleza nani?