Alishinda, Akanyang'anywa, Akarudishiwa: Stori ya Mita 50 Chali, Budapest 2022

Kwanza tuondoe utani njiani. Najua mtaani ukisema "chali" watu wanafikiria boyfrendi wa mtu. Hapa tunabonga kuhusu kuogelea chali, ule mtindo wa kulala mgongo ukiangalia juu, unarusha mikono nyuma kama kinu cha upepo. Na katika mtindo huo kuna resi moja ambayo ukiicheki mara ya kwanza utadhani ni drama ya Bongo muvi: fainali ya wanaume ya mita 50 kwenye mashindano ya dunia ya mwaka 2022, ndani ya ukumbi wa Duna Arena, jijini Budapest, Hungary.

Ilikuwa tarehe 25 Juni. Resi yenyewe ilichukua sekunde 24 hivi. Sekunde 24, buda, hata meseji ya M-Pesa inaweza kuwa haijaingia. Lakini kujua nani alishinda, hiyo ilichukua muda mrefu kuliko resi yenyewe mara nyingi sana.

Ngoja nikupange kwanza. Mita 50 kwenye bwawa la kimataifa ni urefu mmoja tu. Hakuna kugeuka, hakuna kupumzika, hakuna "nitamshika huko mbele." Tena waogeleaji wa chali hawarukii majini kutoka juu kama wale wa mitindo mingine. Wanaanza wakiwa tayari ndani ya maji, wameshika vyuma, miguu kwenye ukuta, wamejikunja kama spring. Ikilia, wanajirusha nyuma na kuzama, wanapiga miguu ya pomboo chini ya maji. Chini ya maji kuna spidi zaidi kwa sababu hakuna mawimbi ya kukuvuta.

Kwa hiyo utauliza, si mtu aende tu chini ya maji mpaka mwisho? Kuna msee alijaribu. David Berkoff wa Marekani, Olimpiki ya Seoul 1988, alikuwa anazama hapo na kutokea mbali sana, zaidi ya nusu ya bwawa. Hakushinda dhahabu ya mita 100 lakini, ilienda kwa Daichi Suzuki wa Japani, ambaye naye alikuwa mtu wa kuzama vivyo hivyo. Wakubwa wa mchezo wakaona hii sasa ni resi ya samaki, wakaweka mpaka. Leo ni mita 15 tu baada ya kuanza au kugeuka, kichwa lazima kiwe kimetokea. Baada ya hapo, sheria ya 2022 ilikuwa inasema sehemu fulani ya mwili wako lazima ionekane juu ya maji hadi unapogusa ukuta. Shika hiyo, ndiyo ilileta ngori yote.

Sasa wasee wenyewe. Bingwa wa 2019 kule Gwangju alikuwa mwafrika mwenzetu, Zane Waddell wa Afrika Kusini, sekunde 24.43. Huyo alikuwa ameshaachana na mchezo. Kliment Kolesnikov wa Urusi, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amevunja rekodi ya dunia kwenye bwawa hilohilo la Budapest, hakuwepo pia, Warusi walikuwa wamefungiwa nje sababu ya vita vya Ukraine. Hivyo macho yote yakawa kwa Wamarekani wawili. Hunter Armstrong alikuja akiwa na rekodi mpya ya dunia, 23.71, aliyoiweka Aprili hiyo kwenye mchujo wa kwao. Mwingine ni Justin Ress, ambaye kwa mita 50 si mtu wa kubeba hivihivi.

Resi ikaanza, maji yakachafuka, na kabla hujakohoa wako ukutani. Ubao ukasoma: Ress 24.12, Armstrong 24.14. Tofauti ni 0.02. Hapo ni urefu wa vidole tu. Wa tatu akawa Ksawery Masiuk wa Poland, 24.49, kijana wa miaka 17. Miaka 17! Mimi kwa umri huo nilikuwa najificha preps.

Ress akaanza kusherehekea. Halafu jina lake likatoka. Kafutwa. Marefa walisema alipokuwa anagusa ukuta mwili wake wote ulikuwa umezama.

Na hapa lazima uelewe mbona mtu azame mwishoni. Anayeogelea chali haoni ukuta. Anachoona ni bendera zilizotundikwa juu ya maji, mita 5 kabla ya mwisho. Akizipita anahesabu mikono, ameshafanya hivyo mazoezini mpaka anaota, kisha anajirusha nyuma na mkono umenyooka. Ukijirusha hivyo kwa nguvu, kichwa kinaenda chini, kifua kinafuata, na mara nyingi kilichobaki juu ni vidole vya miguu au hakuna kitu. Karibu kila mtu wa spidi hufanya hivyo. Refa anasimama kando, maji yanaruka kila mahali, na anatakiwa aone kama kuna kipande cha binadamu kilichobaki juu. Maze, hiyo kazi hata ningelipwa vizuri ningeogopa.

Kwa hiyo dhahabu ikaruka kwenda kwa Armstrong. Masiuk akapanda hadi fedha, na Mjerumani Ole Braunschweig, aliyekuwa wa nne, akajipata na shaba. Armstrong hakuifurahia dhahabu ya kuokota. Alisema wazi anatumaini rufaa itapita maana mshindi ni Ress. Sijui kama mimi ningekuwa mpole hivyo, kusema ukweli.

Marekani wakakata rufaa. Video zikaangaliwa upya, na uamuzi ukapinduliwa. Ress akarudishiwa dhahabu, Armstrong fedha, Masiuk shaba. Anayeniuma roho ni Braunschweig. Wote wengine walitoka Budapest na kitu shingoni. Yeye alikuwa mtu wa medali ya dunia kwa muda mfupi jioni moja, halafu akarudi wa nne bila kukosea chochote.

Ress na Armstrong walikutana tena kwenye fainali hiyohiyo mwaka uliofuata, Fukuoka, Japani. Safari hiyo Armstrong alishinda kwa 24.05 na Ress akawa wa pili kwa 24.24, bila refa kuingilia. Rekodi ya Armstrong nayo haikukaa, Kolesnikov aliichukua tena Julai 2023 kwa 23.55.

Lakini kilichobadilika kabisa ni sheria. Shirikisho la dunia, ambalo lilikuwa FINA na sasa linaitwa World Aquatics, lilirekebisha hicho kifungu mwaka 2023. Siku hizi kichwa chako kikishapita alama ya mita 5 kabla ya ukuta wa mwisho, unaruhusiwa kuzama mzima mzima. Yaani kile alichofutiwa Ress leo ni halali. Bado lazima uguse ukiwa chali, ukijigeuza kifudifudi umejimaliza mwenyewe.

Na kama ulikuwa unajiuliza mbona hujawahi kuona resi hii kwenye Olimpiki, ni kwa sababu haikuwepo. Mita 50 za Olimpiki zilikuwa za mtindo huru peke yake. Los Angeles 2028 ndiyo mara ya kwanza mita 50 chali zitaingia, wanaume na wanawake. Ukiicheki, usiangalie katikati ya bwawa. Kaza macho kuanzia kwenye bendera.