Hesabu Igeuke: Fedha za Sekta na Macho ya Wakaaji

Wazee walituachia neno: mali bila daftari huisha bila habari. Ni neno la hekima, ila halisemi daftari hilo lisomwe na nani. Kwetu Kongo jambo hilo ndilo lenye uzito. Kwa zaidi ya miaka mia moja fedha za watu zimekuwa na daftari, lakini daftari hilo limefunguliwa daima mbele ya mkubwa wa juu, si mbele ya yule aliyetoa fedha. Katika tafakari hii, ndugu wapendwa, tunapenda kuifuata historia ya daftari hilo katika nchi ya Katanga, ili tuone ni kazi gani imewekwa leo mikononi mwetu, sisi wakaaji wa Kilwa na wa teritware nzima ya Pweto.

Tuanze na wakati wa Wabelgiji. Ubelgiji iliichukua Kongo mwaka 1908, na baada ya muda mfupi kila mwanaume mzima alitakiwa kulipa kodi ya kichwa kwa fedha taslimu. Fedha hizo hazikuwa kijijini. Ilibidi vijana waende kuzitafuta mbali, wengi wao katika migodi ya Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Sultani alikusanya kodi na kuipeleka kwa msimamizi wa teritware. Kisha, kwa amri ya tarehe 5 Desemba 1933, serikali ya kikoloni ilipanga upya utawala wa vijiji. Sultani wenye watu wachache waliunganishwa pamoja, na muungano huo ukaitwa sekta. Sekta ilipewa mkubwa wake, baraza la hukumu na sanduku lake la fedha. Neno hili sekta, ambalo leo tunalitaja bila kufikiri, lilizaliwa hapo.

Sanduku lile lilifanya kazi. Kwa fedha zake njia zilifyekwa, madaraja ya miti yalijengwa, na wakarani walilipwa. Hata hivyo, aliyeidhinisha bajeti na kukagua matumizi alikuwa msimamizi wa teritware, mtu wa serikali. Mlipa kodi alipewa karatasi ya kuonyesha kwamba amelipa. Hakupewa kamwe karatasi ya kuonyesha fedha zake zimefanya nini. Ndivyo watu walivyofundishwa, baba kwa mwana, kwamba hesabu ni jambo la wakubwa kwa wakubwa, na kwamba anayeuliza juu ya fedha za serikali anatafuta matata.

Uhuru wa mwaka 1960 haukuigeuza desturi hiyo. Sheria ya Januari 1973, wakati wa utawala wa Mobutu, iliwafanya wakuu wa vijiji na wa maeneo kuwa mikono tu ya serikali kuu. Mwaka 1982 ilitolewa sheria nyingine yenye kuahidi kurudisha madaraka mashinani, lakini katika Zaire ya chama kimoja hesabu iliendelea kupanda juu.

Badiliko kubwa, walau katika maandishi, lilikuja na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Katiba hiyo iliyapa majimbo haki ya kubaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka kwao. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 iliongeza kwamba miji, komini, sekta na usultani ni vyombo vyenye mali yao na bajeti yao. Kila sekta iwe na baraza la washauri waliochaguliwa na wakaaji. Baraza hilo lipige kura juu ya bajeti, tena limwulize mkubwa wa sekta namna alivyoitumia. Kwa mara ya kwanza sheria ilisema kwamba hesabu ishuke chini.

Lakini washauri hao hawakuchaguliwa. Katika uchaguzi wa Desemba 2023 washauri walichaguliwa katika baadhi ya komini tu. Sekta na usultani hazikufikiwa. Kwa hiyo meza ya hesabu imetengenezwa na viti vimepangwa, lakini wenye kuketi hawapo. Mkubwa wa sekta anaandika bajeti, anaitumia, na mtu pekee anayeweza kumwuliza ni yule aliye juu yake. Tumerudi pale pale pa mwaka 1933, isipokuwa kwamba leo fedha zilizo katika sanduku zinaweza kuwa nyingi sana.

Zinatoka wapi? Zinatoka chini ya udongo. Sheria ya migodi ya Julai 2002 ilikuwa imesema kwamba sehemu ya mrabaha, ule ambao wengi wetu tunauita redevansi, irudi mahali madini yalipochimbwa. Asilimia 25 ilikuwa ya jimbo, na asilimia 15 ya mji au teritware yenye mgodi. Lakini fedha zote zilipitia kwanza katika hazina ya Kinshasa, na njia ya kurudi kutoka Kinshasa ni ndefu. Sheria mpya ya tarehe 9 Machi 2018 ilikata njia hiyo. Sasa kampuni inalipa moja kwa moja kila sehemu kwa mwenyewe: asilimia 50 kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa chombo cha mahali, yaani komini, sekta au usultani, na asilimia 10 katika mfuko wa vizazi vijavyo.

Tufanye hesabu ya mfano, kwa kuwa hesabu ndiyo habari yetu. Tuseme mgodi mmoja umeuza shaba ya dola milioni 100 kwa mwaka. Mrabaha wa shaba ni asilimia 3.5, basi ni dola 3,500,000. Asilimia 15 ya fedha hizo ni dola 525,000, nazo ni za sekta. Zaidi ya hayo, sheria hiyo hiyo inaidai kampuni itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya watu wanaoishi karibu na mgodi. Katika mfano wetu ni dola 300,000. Fedha za mrabaha zinazokwenda kwa sekta zimewekewa kazi yake: vitu vya msingi vinavyofaa watu wote, kama vile masomo, vituo vya afya, maji na njia. Si fedha za safari wala za magari ya wakubwa. Mkaaji anayejua hesabu hii fupi ana swali mkononi. Asiyeijua ana manung'uniko tu.

Sisi wa Kilwa tuna sababu yetu ya kulishika jambo hili kwa uzito. Mgodi wa Dikulushi ulifunguliwa mwaka 2002, na shaba na fedha yake zikapita hapa kwetu na kuvushwa ziwa Mweru kuelekea Zambia. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2004, kikundi kidogo cha waasi kiliuteka mji, na jeshi lilipourudisha, damu ilimwagika. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu zaidi ya 70 waliopoteza maisha. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi huko Lubumbashi iliwaachilia walioshitakiwa kwa mauaji yale. Lakini mwaka 2017 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu: serikali iwalipe waliodhulumiwa dola milioni 2.5, iwaombe watu wa Kilwa msamaha, ijenge ukumbusho wa marehemu, na itengeneze upya majengo ya umma yaliyoharibiwa, kama shule na hospitali. Hukumu hiyo ni ukurasa wa daftari letu. Inasema wazi kwamba ujenzi mpya wa Kilwa ni deni, si zawadi. Na mwenye kudai deni hana budi kujua ni kiasi gani, kinapita mikononi mwa nani, na kimefika wapi.

Je, wakaaji wa kawaida wanaweza kweli kuisimamia hesabu ya serikali? Tuangalie majirani zetu.

Katika Uganda serikali ilikuwa ikizitumia shule za msingi ruzuku kwa kila mwanafunzi. Uchunguzi uliofanywa katika shule 250 ulionyesha kwamba, kati ya mwaka 1991 na 1995, ni asilimia 13 tu ya ruzuku hiyo iliyofika shuleni. Katika kila shilingi mia moja, themanini na saba zilibaki njiani, hasa katika ofisi za wilaya. Serikali ilifanya jambo jepesi: ilianza kutangaza katika magazeti kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na ikazitaka shule zibandike ukutani kiasi kilichopokelewa. Ilipofika mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilifika. Wataalamu wanatukumbusha kwamba yalikuwapo marekebisho mengine pia wakati ule, na ni haki kusema hivyo. Lakini mwalimu na mzazi walipojua kiasi, ofisi ya wilaya haikuweza tena kusema kwamba hakuna kilichotumwa.

Katika Kenya, mwaka 2003, bunge liliunda mfuko wa maendeleo ya majimbo ya uchaguzi, ukipewa walau asilimia 2.5 ya mapato ya serikali. Masoko, zahanati na madarasa yalianza kujengwa kila mahali, na pamoja nayo yakaanza maswali. Mwaka 2007, huko Mombasa, shirika la MUHURI lilikusanya wakaaji wa Changamwe, likawafundisha kusoma karatasi za miradi, kisha likawatuma kwenda kuona kwa macho yao: je, jengo lililoandikwa kwamba limekwisha, limekwisha kweli? Mwishoni walifanya mkutano wa hadhara, ambapo wenye kusimamia fedha walisikia maswali mbele ya watu wote. Njia hiyo walifundishwa na wenzao wa Rajasthan, huko India, ambako wakulima na vibarua walikuwa wameanza mwaka 1994 kusomewa hadharani vitabu vya malipo vya vijiji vyao. Walipoyasikia majina ya waliolipwa, walitambua miongoni mwao majina ya watu ambao hawakuwahi kufanya kazi hiyo.

Tukiziweka habari hizi pamoja na historia yetu, tunaona jambo moja. Watu hawa hawakuanza kwa kumshitaki mtu. Walianza kwa kujua kiasi. Huko kwetu mara nyingi tunaanza upande mwingine: tunamwona mkubwa fulani ana nyumba mpya, tunanong'ona kwamba amekula fedha za watu, na mnong'ono unazunguka ziwani na sokoni hadi unachoka. Mnong'ono hauwezi kumrudisha mwizi, tena unaweza kumwangamiza asiye na kosa. Karatasi iliyobandikwa ukutani inafanya kazi mbili: inamfunga mikono mwenye nia mbaya, na inamlinda mkubwa mwaminifu dhidi ya fitina. Mkubwa wa sekta anayetumia vizuri ndiye wa kwanza mwenye faida katika daftari lililo wazi.

Kazi inayotungoja haihitaji elimu kubwa. Inahitaji watu wachache wenye subira, wasioenda peke yao. Wanaweza kuandika barua kwa ofisi ya sekta kuomba bajeti ya mwaka na orodha ya miradi, na kubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wanaweza kulinganisha kiasi kilichopokelewa na ripoti zinazotolewa na ITIE, mpango wa uwazi wa migodi ambao nchi yetu iliingia mwaka 2005. Wanaweza kwenda mahali pa ujenzi na kuhesabu: mabati mangapi, milango mingapi, kisima kinatoa maji au hakitoi. Kisha wayasome waliyoyaona mbele ya watu, na kumwalika mkubwa wa sekta ajibu kwa heshima anayostahili. Sisi tuliofundishwa kusoma na kufundisha wengine kusoma tuna sehemu yetu hapa, kwa kuwa bajeti imeandikwa Kifaransa, na mama mchuuzi wa samaki hapa ziwani anastahili kuisikia katika lugha yake.

Siku moja, tunatumaini, washauri wa sekta watachaguliwa. Lakini hata hao watahitaji watu nyuma yao wanaojua kuuliza, la sivyo watakuwa wakubwa wapya wanaotoleana hesabu wenyewe kwa wenyewe. Basi tusingoje uchaguzi ndipo tujifunze. Katika mikutano yetu ya mwezi huu tuzungumze juu ya maswali haya matatu. Sekta yetu ilipokea kiasi gani mwaka uliopita, na nani kati yetu amekwisha kukiuliza kiasi hicho kwa maandishi? Ni jengo gani, daraja gani au kisima gani kilicho karibu nasi ambacho tunaweza kwenda kukiona kwa macho na kukipima kwa mikono? Na ukuta upi katika mtaa wetu, wa soko, wa masomo au wa parokia, unafaa kubandikwa karatasi ya kwanza?