Dawa ya Ebola ilitoka katika damu ya Mkongomani

Ebola ilipoingia Mangina, Beni na Butembo mwaka wa 2018, wengi walisema dawa ni ya wageni, imeletwa kutuua. Historia inasema vingine. Mwaka wa 1995, kule Kikwit, Profesa Muyembe na wenzake waliwaongezea wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, 7 wakaishi. Baadaye, katika damu ya mmoja wa waliopona Kikwit, wataalamu walipata kinga iliyotengenezwa kuwa dawa, mAb114. Mwaka wa 2019, majaribio yaliyofanywa huku kwetu yalionyesha kwamba inaokoa maisha, hasa mgonjwa akifika mapema. Ndugu wasikilizaji, nanyi wahami wa vita mlio kambini: msimfiche mgonjwa. Dawa hiyo ilianzia kwetu.